Kabla Hujamwandikia Bwana Vuai

...na hata hivyo, Zuhura mwanangu, jana hukuningoja nikajibu. Ulisema lako, ukanyanyua sahani, ukaenda zako uani kuosha vyombo huku unaimba, na mimi nikabaki mkekani na tonge mkononi. "Kazi ya mwandishi ni kuandika, Mama. Maneno ni ya mwenyewe." Unajua maneno hayo uliyatoa wapi? Kwangu. Nimeyasema mbele yako tangu una miaka minane, kila jirani aliponiuliza kwa nini nimemwandikia fulani jambo fulani, na nimeyasema kwa majivuno. Kuyasikia yakitoka kwako kwa sauti ileile yangu kumenichosha kuliko foleni ya mchele.

Kwa hiyo nakujibu leo kwa kalamu, kwa kuwa mdomo wangu mbele yako haufiki mbali. Sasa alasiri imepita kidogo. Umekwenda Kikwajuni kuwaaga shangazi zako, na nawajua, hawatakuachia mpaka ule kwa kila mmoja. Kesho asubuhi utapanda gari la Kizimkazi, na barua hii itakuwa katikati ya madaftari yako ya kusomeshea, mahali ambapo lazima uione. Sitakuandikia habari ya chandarua, wala maji ya kisima, wala mlango usio na komeo. Hayo shangazi zako wanakwambia sasa hivi, tena wote kwa pamoja. Mimi nina habari ya Bwana Vuai, na habari ya mtu mwingine unayemjua.

Nilivyokuelewa ni hivi. Ulipokwenda wiki iliyopita kukitazama chumba utakachokaa, alikupokea Bwana Vuai, kwa kuwa nyumba ni ya dada yake. Akakuangulia dafu, akakusifu, akasikia kwamba wewe ni mtoto wa Bi Rukia wa Mkunazini anayeandikia watu barua, na papo hapo akakuomba kazi. Mkewe karudi kwao Makunduchi, huu mwezi wa pili, na yeye anataka umwandikie talaka aipeleke. Ukamkubalia. Ijumaa baada ya sala atakuja aichukue.

"Ningemwambiaje, Mama? Chumba cha dada yake. Nikimkatalia n'takwenda kulala skuli juu ya madawati?"

Kisha ukaongeza, ukicheka, kwamba mwalimu wa chuo cha Kurani wa pale kaombwa kazi hiyohiyo mara tatu, na kila mara anasema wino umekwisha. Mume wangu Salum alicheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka. Mtu anayesomesha watoto arubaini, kila mmoja na ubao wake, atakosaje wino miezi miwili?

Zuhura, mimi nilianza kazi hii kwa kupenda kuitwa. Watu husema ni ujane ulionitia humu, na mimi huwaachia waseme. Ni kweli baba yako alifariki una miaka saba, na ni kweli mikono yangu haikujua kupika mikate ya kuuza wala kushona kofia ikakaa sawa kichwani mwa mtu. Nilikuwa na masomo yangu ya sekondari, na wasichana tuliofika huko mtaani petu tulikuwa wachache. Lakini ningeweza kusomesha, kama utakavyosomesha wewe. Nilichagua kukaa ukumbini na kalamu kwa sababu ya ile sauti mlangoni. Kwanza alikuja mke mmoja kumwandikia mumewe aliyekwenda Pemba kwenye karafuu. Wiki ya pili wakaja watatu. Baada ya mwezi, kila adhuhuri ikisaliwa, nasikia, "Hodi, Bi Rukia!" na moyo unaniruka. Watu wazima waliokuwa wakinipita njiani bila ya salamu sasa wamekaa mbele yangu, mikono mapajani, wanangoja nichovye kalamu. Nikajiwekea sharti kwamba simrudishi mtu. Anayekuja na jambo lake ataondoka na karatasi yake.

Yalipokuja mapinduzi, kazi ikawa nyingi zaidi. Huyu nduguye kavukia Mombasa, huyu yuko Arabuni hajulikani mji gani, huyu anaomba kazi afisini, huyu anaomba ruhusa ya safari. Niliandika mpaka kidole cha kati kikaota sugu hii unayoicheka, unayosema inafanana na punje ya mtama.

Mengine yalikuwa ya kuchekesha, na labda ndiyo yaliyonidanganya. Kuna msichana wa Malindi niliyemwandikia barua ya mapenzi, nikaipamba kweli. Siku ya nne akaja kijana na barua ileile mfukoni. "Bi Rukia, nisomee, kisha unijibie, lakini jibu lizidi hili." Nikajibu. Msichana akaja na jibu langu. Nikalijibu jibu langu. Miezi mitatu nilijitongoza mwenyewe, mwanangu, na kwa ufundi mkubwa. Walipooana, hata mwezi haujatimia, wakaja pamoja kunilalamikia. Bibi harusi akamnyooshea mumewe kidole: "Huyu siye, Bi Rukia. Yule wa kwenye barua alikuwa na maneno." Na yule kijana akanitazama kwa jicho la kuniambia nisaidie hata sasa. Nilicheka wiki nzima. Sikujiuliza hata mara moja kama ilikuwa haki yangu kuwaazima maneno yote yale.

Bi Riziki unamkumbuka. Alikaa nyumba ya pili kutoka kwetu na mumewe, Bwana Makame, mchukuzi wa bandarini. Ndiye aliyekuwa akikusuka kila Sikukuu, akikubana kichwa chako katikati ya magoti yake mpaka ulie. Ulikuwa na miaka kumi na tano alipoondoka. Ulikuja kuniuliza, "Mama, Bi Riziki kaenda wapi?" nikakwambia kaenda kwao Mkokotoni. Ukauliza, "Atarudi lini?" nikakutuma dukani.

Siku ile Makame alikuja moja kwa moja kutoka kazini, mabega yamejaa vumbi la magunia, na mwenzake wa kazi nyuma yake. Nyumbani walikuwa wamegombana kwa ratili mbili za sukari. Makame aliipangia foleni tangu alfajiri, na Riziki akaichukua yote akampelekea dada yake aliyefiwa. Hilo tu. Akasimama katikati ya ukumbi bila ya kukaa.

"Andika, Bi Rukia. Nimemwacha Riziki. Huyu shahidi."

Nikatoa karatasi nzuri. Sikumwambia akae wala sikumpa maji. Nilikuwa na sharti langu, na nilikuwa na mwandiko wangu, na siku hiyo nilikuwa na wino mpya. Nikaandika tarehe, nikaandika jina lake, na jina la mkewe na la baba wa mkewe, kila kitu mahali pake. Nikafika panapotakiwa idadi. Nikanyanyua kalamu, nikamuuliza:

"Ngapi?"

Nilimuuliza kama muuza ndizi anavyomuuliza mnunuzi.

Makame akanitazama. Leo ninaiona sura ile vizuri kuliko nilivyoiona siku ile. Hakuwa amefikiria idadi. Alikuja na hasira, hakuja na hesabu.

"Ngapi vipi?"

"Talaka ngapi, Bwana Makame? Karatasi inataka idadi."

Ati karatasi inataka! Akamgeukia mwenzake, mwenzake akatazama njiani. Makame akavuta pumzi, akajitunisha kifua.

"Tatu."

"Tatu?"

"Umeniuliza, nshakujibu. Nimemwacha, talaka tatu. Au unanionaje mie?"

Nikaandika tatu. Niliandika kwa neno, kisha pembeni nikaandika na kwa tarakimu, ili mtu asije akaigeuza baadaye. Nilijiona mwangalifu sana.

Asubuhi yake, sijafungua hata dirisha, nilimkuta barazani.

"Bi Rukia, ile karatasi iko wapi?"

"Si jana ileile umempa shahidi aipeleke? Riziki keshapewa, na keshakwenda nayo kwao."

Akachutama pale pale. Mtu mzima, mwenye mgongo wa kubeba gunia mbili, amechutama kama mtoto anayeumwa na tumbo.

"Mie nlitaka alale kwao siku mbili. Arudi amenuna, nimchekeshe, yaishe."

"Mbona ukasema tatu?"

"Si wewe uliyeniuliza ngapi? Ningesema moja, yule angenicheka bandarini mwaka mzima."

Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anayeeleza jinsi alivyojikwaa. Alikwenda kwa kadhi na yule shahidi, na kadhi akasema neno limetamkwa, shahidi yupo, jambo limekwisha. Ingekuwa moja, angemrejea jioni ileile. Ingekuwa mbili, vilevile. Lakini tatu ndiyo hiyo, mpaka mwanamke aolewe na mume mwingine kwa ndoa ya kweli, na waachane kwa mambo yao wenyewe. Makame aliondoka mtaani baada ya muda, akapanga chumba Kikwajuni. Tukikutana hunisalimia vizuri. Ningependa asinisalimie.

Sijamaliza. Eda ilipokwisha, Riziki alikuja mjini, akaja kwangu. Ulikuwa skuli. Mtoto wao alibaki kwa Makame, na Riziki alitaka nimwandikie amwachie binti yake aje Mkokotoni kwa Sikukuu. Lakini kabla ya barua, alifungua fundo la kanga yake akatoa ile karatasi. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imeanza kukatika.

"Nisomee na wewe," akanambia. "Aliyenisomea kwetu ni mtoto wa darasa la nne. Labda kasoma vibaya."

Miezi yote ile, Zuhura. Miezi yote alikaa na karatasi ile kiunoni, akiweka matumaini yake juu ya mtoto wa darasa la nne.

Nikaisoma.

"Ni tatu?"

"Ni tatu."

"Nioneshe palipoandikwa."

Nikamwonesha kwa kidole, neno kisha tarakimu.

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

Akaitazama kwa muda, herufi asizozijua. "Aliyeandika huyu kasoma," akasema. "Mistari imenyooka."

Sikumwambia. Nilichukua karatasi nyingine, nikamwandikia barua ya mtoto, na niliiandika kwa herufi za kulala, mwandiko usio wangu, ili asije akaziweka pamoja akafananisha. Huyo ndiye mama yako. Tangu utotoni mwako umekuwa ukiwaambia wenzako kwamba mimi naandika vizuri kuliko makarani wa serikali.

Baada ya hapo nikafanya kosa jingine, nalo nililidhania ni toba. Nikakataa kila mtu. Miezi miwili mlango umefungwa, nasema mkono unaumwa. Wewe ndiye uliyekuwa ukitoka kuwajibu, na ulikuwa ukiniuguza kwa mafuta ya karafuu. Mkono ulikuwa mzima. Katika niliowarudisha alikuwamo bibi mmoja aliyetaka tu kumwambia mwanawe wa Mombasa kwamba macho yanamwishia, aje amwone angali anaona. Alikwenda kwa mwengine, akaahidiwa, akasubiri. Nilipofungua mlango na kumwendea, alinishika uso kwa mikono miwili, akanambia, "Karibu, wewe nani?" Kwa hivyo usidhani nakwambia kukataa ndio usafi. Nilimkataa yule bibi ili mimi nipate kujiona msafi, naye ndiye aliyelipa.

Nimechoka, mwanangu. Nakwambia hivi bila ya kutaka unionee huruma. Miaka kumi na mbili maneno ya watu yamepita mkononi mwangu, na yanapopita huacha taka zake kama maji ya mvua kwenye mfereji. Ndugu yangu akiniandikia kuniuliza hali, nikikaa kumjibu, linalokuja ni "ama baada ya salamu nyingi, mimi mzima wa afya," maneno niliyowaandikia watu mia. Hii nadhani ndiyo barua ya kwanza ndefu ninayoiandika mwenyewe tangu nilipoolewa na baba yako, na unaona nilivyofutafuta.

Lakini kukataa nimejifunza, tena nimejifunza kwa kicheko, na hapa itabidi univumilie. Najua utavuta mdomo. Juzi ulinambia, "Mama, jifanye huna habari walau kidogo, mtaa mzima unakuona." Nifanyeje? Leo siku ya arubaini na moja tangu ndoa, na nikisikia kengele ya baiskeli ya Salum pale kwenye kona, mimi, mwanamke wa miaka thelathini na tisa, natia upawa chumvini badala ya mchuzini. Ananiletea asumini amezifunga kwenye kitambaa chake cha kazi, zinanukia asumini na grisi. Sijui tena kuipenda asumini isiyo na grisi.

Ulimjua Salum alipokuja kuposa. Hujui alikuja kwanza kwa shughuli gani. Alikuja kama mteja, wakati mimi nimeshafungua mlango tena lakini nimekuwa mkali.

"Nataka barua ya posa," akasema.

"Unamposa nani?"

Akatia mkono mfukoni, akatoa kikaratasi walichomwandikia dada zake, akasoma jina.

"Umemwona?"

"Dada zangu wamemwona."

"Anapenda nini?"

Akakigeuza kikaratasi upande wa pili. "Hawakuandika."

Nilijibana nisicheke. "Siandiki, Bwana Salum."

"Kwa nini? Nimekukosea?"

"Hujanikosea. Barua hii haina mwenyewe. Nenda ukamjue huyo mtu. Ukishaweza kunambia jambo moja lake ambalo si jina, rudi."

Hakukasirika. Alikwenda kweli, akafuata taratibu zote, akaomba kwa wazee wake yule mwanamke aulizwe mwenyewe. Baada ya wiki akarudi. "Ana mtu wake yuko Tanga, anamngoja. Kanishukuru sana kwa kuuliza. Nyumbani kwao hakuna aliyemuuliza." Nikamwambia, basi sasa unataka nini? Akasema, "Nimekuja kukushukuru na wewe." Wiki iliyofuata akaja kutazama bawaba ya mlango. Nyingine akaja kuniuliza kama nina baiskeli ya kutengeneza, na anajua sina.

Miezi sita baadaye ami yangu wa Tunguu akanitumia barua nisome. Salum aliiandika mwenyewe, herufi zimeegemeana kama watu walio kwenye foleni. Aliandika hivi: "Nimeona mwandishi wa mtaa huu ni mgumu, nikaandika mwenyewe. Bi Rukia akichoka hukanda kidole cha kati kwa kidole gumba. Kabla ya kucheka hutazama chini. Namuomba." Zuhura, nimeandika barua za mapenzi ngapi katika mji huu? Sijawahi kuandika iliyofika hapo. Niliisoma nikalia, nikaisoma nikacheka, na kabla ya kucheka nikajikuta nimetazama chini.

Kabla sijakubali nilimwita, nikamweleza habari ya Riziki yote, hata ile ya mwandiko wa kulala. Nilitaka aniambie si kosa langu. Akachokonoa grisi kwenye kucha.

"Umeshamwambia mwenyewe?"

"Bado."

"Basi umemwambia mtu asiyehusika," akasema, kwa upole kabisa, akaenda zake.

Ile siku niliyokuaga kwamba nakwenda kumtazama mgonjwa shamba, wiki ya pili baada ya harusi, nilikwenda Mkokotoni. Riziki kaolewa huko, ana mtoto mchanga. Nilimkuta anamenya muhogo mlangoni. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kabla hajanikaribisha, kwa kuogopa kwamba nikikaa sitasema. Aliendelea kumenya.

"Nlijua," akasema.

"Ulijua tangu lini?"

"Siku ileile. Ulinisomea huku unatazama ukuta."

Nilikuwa naijua kwa moyo, mwanangu. Sikuhitaji kuitazama, na sikukumbuka kujifanya.

"Kwa nini hukusema, Riziki?"

"Nlikuwa nataka barua ya mtoto iandikwe. Ningekutia aibu, ungeandika?"

Hakunambia kama kanisamehe, na mimi sikuthubutu kuuliza. Alinipa muhogo nibebe, akanambia gari la mwisho linapita karibu na saa kumi, nisichelewe. Huo muhogo ulikula wewe, ukausifu.

Sasa Bwana Vuai. Sijamjua, na sisemi ni mtu mbaya. Makame hakuwa mtu mbaya. Huenda ana haki yake, na huenda mkewe naye anaomba kila siku aipate hiyo karatasi afunguke. Hayo hukuyauliza, kwa kuwa ulikuwa unatazama chumba. Siku hizi mtu akinijia na jambo kama hilo namkalisha, namletea maji, namuuliza habari za mkewe, siulizi habari za ugomvi. Kisha namwambia aje kesho asubuhi kabla hajanywa chai. Wengi hawarudi. Anayerudi namwambia kwa uso mkunjufu kwamba kazi hiyo siifanyi, aende kwa kadhi kwa miguu yake, akaseme kwa mdomo wake, akaulizwe na anayejua kuuliza. Wengine hunitukana. "Kaolewa sasa, kawa mtukufu," wanasema hapo nje, na mimi nasikia. Namuonea kijicho mwalimu wa chuo wa Kizimkazi kwa wino wake. Mimi uongo mwembamba kama ule ungenichekesha mwenyewe kabla sijaumaliza.

Lakini na yule mama anayetaka kumwita mwanawe mwandikie siku hiyohiyo, hata kama umechoka, hata kama una madaftari sitini ya kusahihisha. Watakuja, kwa kuwa mwalimu kijijini ni mwandishi wa kila mtu, atake asitake. Huwezi kujua mapema ni nani wa kumwandikia na ni nani wa kumrudisha. Mimi sijui mpaka leo. Ninalolijua ni kwamba mkono ukishaanza kupenda mwandiko wake, masikio hufungwa, na hapo ndipo pa kuweka kalamu chini.

Najua nakuomba nini. Ukimkatalia, dada yake anaweza kukitaka chumba chake, na wewe ni mgeni, msichana peke yako, wiki ya kwanza ya kazi. Si jambo dogo, na ni rahisi kwangu kusema nikiwa Mkunazini na mume pembeni. Nimefikiri nimwandikie yule mwenye nyumba barua ya kumlainisha. Nimeianza, nikaichana. Ningekuwa naingiza tena mkono wangu kwenye nyumba za watu. Ijumaa utakuwa wewe na Bwana Vuai na karatasi, na mimi sitakuwepo.

Umesharudi; naisikia sauti yako huko chini, unagombana na Salum kuhusu kamba ya kufungia sanduku. Nitamaliza.

Tutakuja kukutazama, mimi na yeye, kabla mwezi huu haujaisha. Nimeshamwambia afunge kibanda siku mbili, naye kakubali kabla sijamaliza kusema, kama kawaida yake. Ukiwa chumbani kwa dada yake Vuai, tutakuja hapo. Ukiwa skuli juu ya madawati, tutakuja hapo, na tutaleta godoro. Umeandika au hukuandika, nitakuja vilevile, mwanangu, na sitakuuliza. Ukitaka kunambia, utanambia.

Mama yako,
Rukia